UZI: Mechi 25 za mwanzo zinatosha kuijua timu ya besiboli? Tubishane kwa namba

#1 MlimaHauongopi (Moshi)

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni muongoza watalii. Nimepanda Kilimanjaro miaka mingi kiasi kwamba wageni wamenifundisha mambo ambayo sikuyaomba, na mojawapo ni besiboli. Kambini Shira, baridi ikishashika, Mmarekani hana cha kuzungumza zaidi ya timu yake. Nilianza kwa kusikiliza tu, sasa nafuatilia mwenyewe. Video zinamaliza bando, kwa hiyo nasoma majedwali ya mechi asubuhi na chai, maana mechi zao nyingi za jioni kwetu ni saa 8 usiku.

Jana nimebishana na shemeji yangu pale Majengo mpaka mishikaki ikapoa. Yeye anasema ukishaona mechi 25 za mwanzo umeshaijua timu, zilizobaki ni za kukamilisha ratiba. Mimi nasema huo ni uonevu. Msimu mzima ni mechi 162. Mechi 25 hazifiki hata sehemu moja ya sita.

Nikampa mfano wa Washington Nationals 2019. Mechi 50 za kwanza walishinda 19 wakapoteza 31. Watu wakawazika. Mwisho wa mwaka ndio waliochukua ubingwa wa Marekani. Shemeji kanijibu "siku njema huonekana asubuhi" akaagiza soda.

Nauliza wenye kujua takwimu: mwanzoni mwa msimu ni namba gani za kuamini na zipi za kusubiri?

#2 Chalii wa Ngarenaro (Arusha)

Shem wako yuko sahihi, kaka. Chicago White Sox 2024: walianza 3-22, yaani kushinda 3 na kupoteza 22. Wangapi walisema "tuwape muda, bado mapema"? Wakamaliza 41-121. Tangu mwaka 1900 hakuna timu ya ligi kuu iliyopoteza mechi nyingi hivyo kwa msimu mmoja. Asubuhi ilionekana, mchana ukaonekana, usiku ukaonekana.

#3 Binti Soweto

Samahani wakuu, besiboli ndiyo ile ya fimbo? Ni kama rede?

#4 MlimaHauongopi

Umekaribia dada. Kwenye rede wawili wanarusha na wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Huku kuna mrushaji mmoja, na wa katikati ana gongo, anataka kuupiga ule mpira mbali kisha akimbie vituo vinne mpaka arudi nyumbani. Akirudi salama hiyo ni rani moja, ndiyo kama goli. Akikosa mara tatu, straiki tatu, anatoka. Mrushaji akikosea mipira minne, mpigaji anapewa besi (kituo) ya kwanza bure. Kila timu ina auti 27, yaani kutolewa mara 27, za kutumia kwa awamu 9. Zikiisha, umekwisha.

Chalii, White Sox nawajua. Lakini timu moja haifanyi sheria.

#5 Chalii wa Ngarenaro (Arusha)

Na Nationals ni timu ngapi? 😀

#6 Mwalimu wa Sarafu (Moshi)

Naomba niingie na chaki yangu, maana ninyi wawili mnaweza kuwa sahihi wote na bado mkabishana hadi Jumapili.

Chukua timu ya kawaida kabisa, si nzuri si mbaya, kila mechi kwake ni kama kurusha sarafu. Irushe mara 25. Kwa wastani itashinda 12 na nusu. Ila mpotoko wa kawaida, yaani kiasi ambacho matokeo huyumba kutoka kwenye wastani, hapo ni mechi 2 na nusu: kipeuo cha pili cha 25 ni 5, gawa kwa 2. Mara nyingi matokeo hukaa ndani ya mipotoko miwili kila upande. Maana yake timu ileile, wachezaji walewale, inaweza kuanza 17-8 au 8-17 bila chochote kubadilika ndani yake.

Hili nimelifanya darasani na wanafunzi 40, kila mmoja na sarafu yake ya 200, mara 25. Kijana mmoja alipata vichwa 18. Wenzake walimshangilia, wakaanza kumwomba awarushie na wao. Ilinichukua kipindi kizima kuwashawishi kwamba mkono wake hauna siri yoyote, na sidhani wote walikubali.

Sasa pima mifano yenu. White Sox 3-22 wako pungufu ya wastani kwa mechi 9 na nusu, karibu mipotoko minne. Sarafu haifiki huko kwa bahati tu. Nationals kwa mechi 50 wastani ni 25, mpotoko ni 3 na nusu, wao walikuwa na 19. Pungufu 6, haifiki hata mipotoko miwili. Kwa hiyo 3-22 inasema jambo, 19-31 inanong'ona tu.

#7 Jezi ya Kijani (Arusha)

Mwalimu, mbona kwenye ligi yetu hatusubiri mechi zote hizo? Sisi ligi ni mechi 30. Mechi 5 za mwanzo ni moja ya sita ya msimu, sawa na 27 za Wamarekani. Na baada ya mechi 5 kila mtu Arusha anajua nani bingwa.

#8 Mwalimu wa Sarafu (Moshi)

Hapana kaka, hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kinachopunguza bahati ni idadi ya mechi, siyo sehemu ya msimu. Mechi 5 ni 5 hata kama ligi ingekuwa na mechi 6 tu. Kwenu mnajua mapema kwa sababu nyingine: vigogo wetu wamewazidi wenzao sana. Kwenye besiboli pengo ni dogo. Kwa kawaida timu bora inapoteza mechi 60, timu mbovu inashinda 60.

#9 Jezi ya Kijani (Arusha)

Nimekuelewa kwenye idadi. Ila hilo la vigogo lisitie watu kiburi. Sisi Yanga tulicheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, nikaamini hatufungiki. Novemba 2022 Ihefu wakatufunga 2-1. Nilizima simu siku mbili.

#10 Chalii wa Ngarenaro (Arusha)

Tusirudi kwenye Ihefu, uzi utachukua mwaka.

Nina marekebisho kwa mwenye uzi. Nationals hawakuongoza hata kundi lao 2019. Walimaliza 93-69, nyuma ya Atlanta Braves, wakaingia mtoano kwa mlango wa pili. Ubingwa waliuchukua baadaye kwa kuwafunga Houston Astros 4-3, na katika mechi zote saba za fainali aliyeshinda alikuwa mgeni. Kwa hiyo usitumie kombe kama ushahidi. Kombe ni mwezi mmoja, tena mwezi wa ajabu.

#11 MlimaHauongopi

Marekebisho nimeyapokea. Lakini piga hesabu: 93 toa 19 ni 74. Baada ya ule mwanzo walienda 74-38. Hizo ni mechi 112, si mwezi mmoja.

#12 Miwa na Namba (TPC)

Wakuu, kwa nini mnahesabu kushinda na kushindwa tu? Aliyeshinda 12-1 na aliyeshinda 4-3 mnawapa alama sawa. Angalieni rani.

Kuna njia ya Bill James, mchambuzi wa takwimu za besiboli, ya zamani, rahisi mno. Rani ulizopata zizidishe zenyewe kwa zenyewe. Ulizofungwa nazo vilevile. Kisha chukua ya kwanza, gawa kwa jumla ya zote mbili. Unapata sehemu ya mechi ambazo timu ilistahili kushinda.

Tuijaribu. White Sox 2024 walipata rani 507 wakafungwa 813. Inatoka 0.28, yaani mechi 45 kati ya 162. Walishinda 41. Colorado Rockies 2025 walipata 597 wakafungwa 1,021. Inatoka mechi 41. Walishinda 43. Seattle Mariners 2001 walipata 927 wakafungwa 627, inatoka 111, wakashinda 116. Rani hazidanganyi sana.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza, timu ikiwa 15-10 lakini rani ilizofungwa ni nyingi kuliko ilizopata, mimi siiamini. Imeponea kwenye mechi za rani moja moja, na bahati hiyo haina mkataba.

#13 Chalii wa Ngarenaro (Arusha)

Umechagua misimu mizima hapo. Sisi tunazungumzia mwanzo. Hao Rockies wa 2025, Mei 10 walifungwa 21-0 na San Diego Padres. Siku moja tu, rani 21. Ukipima mwanzo kwa rani, mechi moja kama hiyo inaharibu daftari zima.

Na kesho yake walishinda 9-3, halafu kocha Bud Black akafukuzwa baada ya kushinda. Timu ilikuwa 7-33.

#14 Binti Soweto

Kufukuzwa siku uliyoshinda? Jamani.

#15 Kahawa Nyeusi (Moshi)

Nasoma huu uzi nikiikumbuka kazi yangu ya zamani, kupanga madaraja ya kahawa.

Gunia lina kilo 60. Huwezi kulimwaga chini kuona kila punje. Unachukua bomba fupi la chuma lenye ncha, unalichoma ubavuni, punje zinatiririka kiganjani. Kiganja hicho ndicho kinasema gunia ni la namna gani. Kuna msimu tulipokea magunia ya mtu mmoja, kijana mgeni akawa anachoma juu juu kwa sababu ndiko mkono unakofika bila kuinama. Kiganja kilikuwa safi, punje kubwa, rangi ya samawati-kijani inayopendeza. Mzee wetu wa kazi akaja, akainama, akachoma chini karibu na mshono. Zikatoka punje nyeusi, nyepesi, zilizotobolewa na wadudu. Aliyejaza gunia alijua kuna watu hawapendi kuinama.

Aprili ya besiboli ni kuchoma gunia juu tu. Umeona wapinzani wachache, viwanja vichache, hali ya hewa ya aina moja. Hesabu ya mwalimu ni nzuri, ila inadhani punje zimechanganywa. Hazijachanganywa.

Angalieni Tampa Bay Rays 2023. Walianza 13-0. Dunia ikasimama. Lakini walicheza na nani? Tigers, Nationals, Athletics, Red Sox. Wote wanne walimaliza msimu huo wakiwa wamepoteza zaidi ya walivyoshinda, na Athletics walipoteza 112. Rays walimaliza 99-63, timu nzuri kweli, halafu kwenye mtoano Texas Rangers wakawatoa kwa mechi mbili tu.

#16 Mama Kofia (Memorial, Moshi)

Mimi nauza kofia na mitumba hapa Memorial. Kofia za NY zinaenda kama maandazi, vijana wananunua hawajui kwamba ni timu ya besiboli. Leo ndiyo nimeelewa ninachouza.

Ila kaka wa kahawa nakukatalia kidogo. Mimi nikifungua belo, nguo kumi za juu zikiwa na kola zilizokwisha na zipu zilizong'oka, sisubiri kufika chini kupata matumaini. Aliyefunga belo ni mmoja, mkono wake ni uleule juu na chini. Timu nayo ina mwenye nayo mmoja. Kama hakununua wachezaji wazuri, Aprili hana na Agosti hana. Mnatafuta bahati mahali ambapo ni ubahili.

#17 Chalii wa Ngarenaro (Arusha)

Mama kofia wewe ni mchambuzi. White Sox kabla ya 2024 walitoka 61-101. Belo lilifungwa vibaya mwaka wa pili mfululizo.

#18 Mwalimu wa Sarafu (Moshi)

Mama amegusa jambo kubwa, naomba tulikalie.

Kuna mtaalamu wa takwimu za besiboli, Tom Tango, ana kanuni ya kupooza joto la mwanzoni. Chukua matokeo uliyonayo, ongeza mechi 70 za kubuni, ushindi 35 na kufungwa 35, ndipo ugawanye ushindi kwa mechi zote. Timu iliyo 15-5 inakuwa 50-40, yaani 0.556. Bado ni nzuri, ila si malaika.

Tumpe White Sox: 3 na 35 ni 38, gawa kwa 95, inatoka 0.400. Mechi 137 zilizobaki angeshinda 55, jumla 58. Akashinda 41. Kanuni ilimhurumia mno. Tumpe Nationals: 19 na 35 ni 54, gawa kwa 120, inatoka 0.450. Jumla ingekuwa mechi 69. Akashinda 93. Kanuni ilimwonea.

Kwa nini imekosea pande zote mbili? Kwa sababu ile 35-35 inadhani hatujui chochote kuhusu timu kabla ya msimu. Lakini tunajua. Nationals walikuwa na warushaji Max Scherzer na Stephen Strasburg, na wapigaji Anthony Rendon na kijana Juan Soto. White Sox walikuwa wametoka kupoteza 101. Badala ya 35-35 uweke unachokijua kuhusu timu yenyewe. Mama anapoangalia aliyefunga belo, ndicho anachofanya.

#19 Miwa na Namba (TPC)

Mwalimu, hapo umefungua mlango wa hatari. Kila shabiki "anajua" timu yake ni nzuri. Atajijazia 50-20.

Na kuna mfano unaomsumbua mama. Cincinnati Reds 2022 walianza 3-22. Ileile, namba kwa namba, kama White Sox. Wakamaliza 62-100. Wabaya, ndiyo, lakini baada ya pale walienda 59-78, karibu sana na ile 0.400 ya kanuni. Mabelo mawili, nguo kumi za juu mbovu sawasawa, chini tofauti mechi 21.

#20 Mama Kofia (Memorial, Moshi)

Kaka, mechi 100 za kupoteza bado ni belo bovu. Umenisaidia mimi.

#21 Kahawa Nyeusi (Moshi)

Nirudi kwenye swali la mwenye uzi, maana aliuliza namba zipi za kuamini na hatujamjibu.

Kuna vitu vinavyojionyesha mapema na vingine vinachelewa. Mtafiti Russell Carleton alipima hili. Kiasi ambacho mpigaji anatoka kwa straiki tatu kinaanza kuaminika baada ya kusimama na gongo mara 60 hivi. Kupata besi ya bure, mara 120. Mchezaji wa kila siku anasimama mara nne na kidogo kwa mechi, kwa hiyo 60 ni kama wiki mbili na 120 ni kama mwezi. Ya kwanza unaiona ndani ya mechi 25, ya pili inakaribia.

Kinachochelewa ni mpira ukishapigwa ukabaki uwanjani. Kwa ligi nzima karibu 30 katika kila 100 inageuka kuwa besi, iliyobaki inaishia kuwa auti. Mtu akiwa na 40 Aprili, gazeti linamwita nyota. Akiwa na 20, wanamwita mzee. Wote wawili mwelekeo wao ni kurudi karibu na 30, na msimu mzima hautoshi kutenganisha ustadi na bahati hapo. Kwa warushaji ni zaidi: mwaka 2001 Voros McCracken alionyesha kwamba mrushaji ana usemi mdogo sana juu ya mpira uliopigwa ndani ya uwanja. Usemi wake uko kwenye straiki tatu, besi za bure, na mipira inayoruka ukuta.

Kwa hiyo mimi nikiona timu 8-17 lakini warushaji wake wanatoa watu wengi kwa straiki tatu na hawagawi besi za bure, nakaa kimya nasubiri.

#22 Ndege wa Sakina (Arusha)

Nyote mmesahau hewa. Aprili Chicago ni baridi, hewa nzito, mpira unakufa njiani. Mwezi Julai mpira uleule unaruka ukuta. Namba za wapigaji Aprili zipimeni na Aprili za wenzao, si na Julai.

Na Denver wanakochezea Rockies ni mita 1,600 hivi juu ya bahari, juu kuliko Arusha yetu yenye 1,400. Hewa nyepesi, mpira unaenda mbali. Tangu 2002 wanahifadhi mipira kwenye chumba chenye unyevu ili isiwe mikavu na kuruka mno. Kwa hiyo zile rani 1,021 alizopigia hesabu kaka wa miwa, sehemu yake ni mlima.

#23 Miwa na Namba (TPC)

Kweli kwa sehemu. Ila hewa hiyohiyo inawasaidia na wao kupiga, na bado walipata 597 tu. Tofauti ya rani 424 mlima peke yake hauwezi kuibeba.

#24 Chalii wa Ngarenaro (Arusha)

Mangi, mwenye uzi, umenyamaza. Na nina swali. Huna timu, hujawahi kushika gongo, lakini ukimtetea aliyeanza vibaya unaandika kama aliyeibiwa. Kuna nini?

#25 MlimaHauongopi

Sijanyamaza, nilikuwa naandaa mizigo.

Nitakujibu kwa ukweli. Miaka kadhaa nyuma kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi, sitaitaja, iliamua kutupanga waongozaji kwa asilimia ya wageni waliofika kilele cha Uhuru. Wazo si baya. Lakini walihesabu safari tatu za mwanzo wa msimu, basi, orodha ikabandikwa ukutani.

Safari zangu tatu zote zilikuwa Marangu, siku tano. Aliyekuwa juu ya orodha alipewa Lemosho, siku nane. Anayejua mlima anajua mwili unahitaji siku za kuzoea, na siku tatu za ziada ni tofauti kubwa. Hiyo ndiyo ratiba ya Rays na hewa ya Denver, kwa lugha yenu.

Safari ya pili nilikuwa na mgeni mmoja, mwanamume wa miaka 60 na kitu. Tuliondoka Kibo saa 6 usiku. Baada ya saa moja nikaona hatua zake. Taa ya kichwani ilikuwa inayumba kushoto na kulia, anaweka mguu mahali ambapo hakukusudia, kama mtu aliyelewa. Nikamwambia ataje majina ya wajukuu zake, alikuwa ameyataja kutwa nzima. Akataja mmoja akasimama. Nikamgeuza. Alinitukana njia yote ya kushuka, na alikuwa amelipa pesa nyingi, namwelewa. Asubuhi tulipofika Horombo alikuwa anakula uji na wajukuu wote wamerudi kichwani.

Kwenye karatasi ya ukutani yeye aliandikwa "hakufika". Mimi nikawa wa mwisho, na sikupata safari nyingine msimu ule mzima. Mke wangu aliuza ndizi stendi ili ada ilipwe.

Kwa hiyo ndiyo Chalii, nikisikia "tumeshaona mechi 25" naumia.

#26 Chalii wa Ngarenaro (Arusha)

Pole sana kaka. Nimesoma mara mbili. Wale waliobandika orodha hawakukutendea haki.

White Sox bado ni 41-121, lakini wewe hukuwa White Sox.

#27 Mwalimu wa Sarafu (Moshi)

Pole mkuu. Naomba nikuulize kama mwalimu: katika kazi yako, namba ipi ni kama straiki tatu? Yaani inayoonyesha mwongozaji mzuri mapema, kabla bahati haijapoa?

#28 MlimaHauongopi

Nimeifikiria usiku kucha. Kila jioni tunawapima wageni oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidoleni. Kambi ya juu, Barafu kwenye mita 4,600 na zaidi, namba za 80 na kidogo si ajabu. Lakini hiyo namba ni ya mgeni, si yangu. Ya kwangu nadhani ni mwendo wa siku ya kwanza. Mwongozaji anayewaacha wageni wakimbie kutoka geti la Machame kwa sababu wana nguvu na wanataka picha, utamjua siku hiyohiyo. Huhitaji safari 25. Nyingine ni maji: nahesabu chupa za kila mgeni kila mapumziko na kuandika. Hakuna aliyewahi kuniomba daftari hilo.

#29 Kahawa Nyeusi (Moshi)

Mwendo na maji. Hizo ndizo straiki na besi za bure zako. Kufika Uhuru ni ushindi na kufungwa.

#30 Miwa na Namba (TPC)

Sikubali yote. Mwisho wa siku mgeni amelipia Uhuru, na shabiki amelipia ushindi. Ukimwambia kila mwaka "namba za ndani ni nzuri" atakuuliza kombe liko wapi. Ila safari tatu ni chache mno, hapo niko nawe.

#31 Binti Soweto

Msimu ukianza mwishoni mwa Machi mimi naomba tufuatilie timu moja pamoja. Kila mechi: rani, straiki tatu, besi za bure. Tukifika mechi 25 kila mmoja aandike hapa anadhani timu itamaliza imeshinda mechi ngapi. Oktoba tunaurudia uzi. Timu achague Mama Kofia.

#32 Mama Kofia (Memorial, Moshi)

Nina kofia ya bluu yenye herufi L na A zimepandana. Imebaki moja. Tuchukue hiyo.

#33 Chalii wa Ngarenaro (Arusha)

Hiyo ni Dodgers mama, mabingwa wa 2024 na 2025, timu ya yule nyota Ohtani! Hakuna ubishi hapo, chagua mbovu.

#34 Ndege wa Sakina (Arusha)

Ubishi upo. 2025 walianza 8-0, watu wakauliza kama watavunja rekodi ya kushinda 116. Wakamaliza 93-69. Sawasawa na Nationals wa 19-31.

#35 Shemeji wa Majengo (Moshi)

Nimejiandikisha leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ndiye shemeji.

Nimesoma yote. Habari ya karatasi ya ukutani shemeji yangu hakuwahi kunisimulia, na hilo tutazungumza tukiwa wawili. Lakini kwenye besiboli sijahama. Detroit Tigers 1984 walianza 35-5. Wakamaliza 104-58 na kombe wakachukua. Kuna timu zinajitambulisha mlangoni.

Jumapili njoo, mishikaki juu yangu.

#36 MlimaHauongopi

Karibu jukwaani shemeji. Hiyo 35-5 ni mechi 40, sisi tulikuwa tunabishania 25. Kesho naingia Machame, mtandao nitaupata tena Mweka Jumamosi. Jumapili nakuja na daftari.